Robo Inchi

Chama cha washona kwilti ninachoshiriki hapa Lancaster, Pennsylvania, kina katiba, ada ya mwaka, mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati nyingi kuliko za halmashauri. Kina pia wanachama ambao hawaelewani karibu katika kila jambo: dini, siasa, malezi ya watoto, hata kama madirisha ya ukumbi yafunguliwe au yafungwe. Lakini ipo sheria moja ambayo sijamsikia mtu akiibishia, nayo haimo kwenye katiba. Ukishona kazi ya chama, mshono wako uwe na upana wa robo inchi.

Robo inchi ni kiasi cha milimita 6 tu. Fundi wa nguo wa kwetu Musoma, Tanzania, angecheka, maana kwenye gauni huachwa zaidi ya hapo ili mwenye nguo akinenepa pawe na pa kufumulia. Mimi nilicheka pia. Siku hizi naamini kwamba milimita hizo 6 ndizo zinazokiweka chama hiki pamoja, na kwamba vyama vyetu vingi, vya ughaibuni na vya nyumbani, hufa vikiwa na upendo wa kutosha na mipango ya kutosha, ila havikupata robo inchi yao.

Nieleze kwanza kwilti ni kitu gani. Ni blanketi la tabaka tatu. Juu ni vitambaa vilivyokatwa vipande na kuunganishwa kwa mpangilio maalumu. Katikati ni pamba nyepesi iliyotandazwa. Chini ni bitana. Tabaka hizo hupigwa bandi zisiteleze, kisha hushonwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya toka juu hadi chini, na mishono hiyo nayo huchora maua na mawimbi yake. Ile sehemu ya juu kwa kawaida hujengwa kwa miraba. Mraba mmoja unaweza kuwa na vipande vinne, tisa au zaidi ya hamsini, na kila muundo una jina lake la tangu zamani: Nyota ya Ohio, Unyayo wa Dubu, Kibanda cha Magogo, Njia ya Mlevi.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Tuseme mstari una vipande 8. Kati yake kuna mishono 7. Ukizidisha upana wa mshono kwa milimita moja na nusu, kiasi ambacho macho hayakioni, umekula kitambaa cha pande zote mbili, milimita 3 kila mshono. Zidisha mara 7: milimita 21. Mstari umepungua karibu inchi nzima, na hautakutana na mstari wa jirani yake hata uuvute namna gani. Anayeshona peke yake haumii sana, kwa kuwa akizidisha, huzidisha kote, na blanketi lake hutoka dogo kidogo lakini limenyooka. Shida ni pale blanketi moja linaposhonwa na nyumba thelathini. Kila mmoja anachukua vitambaa, anakwenda kushona mraba wake mezani kwake, usiku wake, kwa cherehani yake, kisha miraba yote inatakiwa ikutane. Mraba wa inchi 12 sharti uletwe ukiwa na inchi 12 na nusu, robo ya ziada kila upande kwa ajili ya jirani. Ukipungua, jirani ndiye atakayepinda.

Kwa sisi watu wa mkoa wa Mara, jina la Lancaster si geni. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa na Wamennonite wa kaunti hii, na kwetu tulikua tukisikia majina ya vijiji vya huku kama watu wa pwani wanavyosikia majina ya Oman. Nilipohamia hapa na familia yangu, mtu wa kwanza kunisalimia kwa Kiswahili dukani alikuwa bibi mwenye mvi, aliyewahi kuwa muuguzi huko kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kimenyooka, hakina "mambo" wala "poa". Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusita. Aliponiuliza napenda kufanya nini, nilimwambia nashona kidogo. Nilikuwa najishusha kama tulivyofundishwa. Mama yangu alikuwa fundi wa kudarizi mashuka na kufuma vitambaa vya makochi, na Jumamosi za utoto wangu zilipita nikiwa nimekaa mkekani na akina mama wa kanisa, kila mmoja na sindano yake na habari zake. "Basi njoo Jumatatu," alisema yule bibi. "Uje na mkasi wako mwenyewe. Huku mkasi haukopeshwi."

Chama si cha kanisa, ingawa kinakutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Mlangoni kuna meza ya kuandikisha, na kila mwanachama huvaa kifuani jina lake alilolishona mwenyewe kwa vitambaa. Ukilisahau nyumbani, unatozwa faini ya robo dola, na mwenyekiti akilisahau hutozwa pia, mbele ya watu wote, kwa furaha kubwa. Kumbukumbu za mkutano uliopita husomwa. Mweka hazina husoma kilichoingia na kilichotoka hadi senti, ikiwemo bei ya maziwa ya kahawa. Baada ya hapo hutangazwa kazi: miraba ya mwezi huu, mablanketi ya hospitali ya watoto, maonyesho, maktaba ya vitabu, zamu ya kuleta vitafunio. Mwishoni huja kipindi ambacho kila mtu amekingoja, cha kuonyesha ulichomaliza. Watu wawili hulishika blanketi juu kwa ncha mbili, wewe unasimama pembeni na kueleza ni la nani na limekuchukua muda gani. Ukumbi hupiga makofi kwa lililo zuri na kwa lililopinda.

Miezi ya mwanzo kilichonichosha ni majina. Ningemwitaje mwanamke wa umri wa bibi yangu kwa jina lake la kwanza, kama mtoto mwenzangu wa shule? Niliamua kila mwenye mvi awe "Mama". Walidhani ni cheo cha kwetu, wakakipokea, na sasa wapo wanaoitana hivyo wao kwa wao hata nisipokuwepo.

Lancaster inajulikana Marekani nzima kwa kwilti za Waamishi, wale wakulima wanaotembelea vigari vya farasi. Kwilti zao za mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa za sufu ya rangi nzito isiyo na maua: zambarau, kijani cha kiza, wekundu wa damu ya mzee, na katikati almasi moja kubwa au mistari mipana. Mwaka 1971 Jumba la Makumbusho la Whitney, New York, lilitundika kwilti za Kimarekani ukutani kama michoro ya wasanii wakubwa, na wanunuzi wa miji mikubwa wakaanza kuzitafuta, hata mashambani huku. Watalii nao walikuja, maduka yakafunguliwa kando ya barabara, na oda zikazidi mikono.

Sehemu ya mikono iliyoziba pengo hilo haikuwa ya Waamishi hata kidogo. Ilikuwa ya wanawake wa Kihmong, wakimbizi wa milima ya Laos waliofika hapa baada ya vita vya huko kumalizika mwaka 1975. Kwao walikuwa na ufundi wao wa kushonea kitambaa juu ya kitambaa, wenye mishono midogo kama mbegu za ufuta, na miaka ya 1980 walishona kwilti nyingi zilizouzwa kwenye maduka ya hapa. Mtalii alinunua akiamini ameshika kazi ya mke wa mkulima mwenye kilemba cheupe, kumbe ni ya mama aliyevuka mto Mekong na watoto mgongoni. Mtafiti Janneken Smucker ameyaeleza haya kwenye kitabu chake kuhusu kwilti za Waamishi kilichotoka mwaka 2013. Nilipoyasoma, nilijiona nimepungukiwa ugeni. Kabla yangu walikuwepo waliokuja na sindano zao kutoka mbali zaidi, wakaushika mtindo wa watu wa hapa kiasi kwamba wenyewe wanunuzi hawakujua tofauti. Kilichoniuma ni kwamba majina yao hayakushonwa nyuma ya kazi zile. Kwenye chama chetu kila kwilti hubandikwa kipande cha kitambaa nyuma, chenye jina la mshonaji, mahali na mwaka. Nadhani nusu ya sababu ni historia hiyo.

Mwaka mmoja alijiunga nasi mama mmoja Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Alabama. Alipoonyesha kwilti yake ya kwanza, ukumbi ulinyamaza kabla ya kupiga makofi. Hakukuwa na mraba uliolingana na mwenzake. Mistari ilikwenda kama barabara za mlimani, ikapanuka, ikabana, ikakata kona bila taarifa, na suruali kuukuu za jinzi zilikutana na kitambaa cha pazia pasipo kuombana radhi. Lilikuwa blanketi zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona ukumbini humo. Yeye hakutumia rula. Mama yake na bibi yake hawakuitumia pia.

Alabama kuna kijiji cha Gee's Bend, kwenye kona ya mto, ambacho wanawake wake weusi wameshona hivyo vizazi kwa vizazi. Mwaka 1966, katikati ya harakati za haki za raia, wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee ili wauze kazi zao. Maduka makubwa ya mijini yalitaka bidhaa zinazofanana kwa vipimo, nao wakajifunza kushona za namna hiyo kwa ajili ya mshahara, huku nyumbani wakiendelea na zao. Hizo za nyumbani ndizo zilizoonyeshwa Houston mwaka 2002 na kuzunguka makumbusho ya nchi nzima, na mwaka 2006 zikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani.

Nilingoja kuona chama kitamfanya nini mama yule na uhuru wake. Mwanakamati wa miraba alimpa mfuko wa vitambaa kama sisi sote. Yeye akauliza, mbele ya watu, kama ni lazima apime. "Kwako, kata unavyotaka," alijibiwa. "Huu utashikana na wa wengine." Mwezi uliofuata aliuleta mraba wake. Ndani yake aliyafanya aliyoyataka, vipande vimelala upande kama walevi wanne, lakini kingo zake zilikuwa inchi 12 na nusu, sawasawa. Ukashonwa kati ya nyota mbili zilizonyooka, na sasa ukilitazama blanketi lile, jicho linaanzia hapo.

Nimelifikiria sana jibu lile. Robo inchi haimwambii mtu ashone nini. Inamwambia tu namna ya kufika ukingoni, mahali ambapo kazi yake inakutana na ya mtu mwingine. Vyama vingi nilivyovifahamu vimeyageuza mambo haya: vinataka wanachama wafanane ndani, wawaze sawa, wavae sawa, washangilie mgombea mmoja, halafu pale kwenye ukingo, kwenye fedha na muda na zamu, kila mtu anakuja na kipimo chake.

Ikafika zamu yangu ya kuleta vitambaa vya kugawana. Nilileta mfuko wa vitenge vyenye rangi kali, nikitarajia mshangao, na mshangao ulikuwepo, lakini mama wa kamati alivichukua, akachovya ncha ya kila kimoja kwenye bakuli la maji ya moto na kukikandamiza kwenye kitambaa cheupe. Viwili vilichuja rangi. Akanirudishia hivyo viwili kwa upole: nivifue hadi maji yatoke meupe, kisha nivirudishe. Wiki ile ile nilimwona akifanya hivyo hivyo kwa kitambaa chekundu cha mwenyekiti, kilichonunuliwa kwa bei ghali katika duka la hapa hapa, nacho kikarudishwa. Katika nchi ambayo mgeni huzoea kupewa ama huruma ama mashaka, bakuli lile la maji ya moto lilinipa heshima ambayo sikuipata kwenye hotuba yoyote ya kunikaribisha.

Kuna mahali ambapo chama hakikubaliani, na kimejifunza kuacha hivyo. Kila baada ya miaka kadhaa hushonwa kwilti moja kubwa ya bahati nasibu: watu hununua tikiti, moja inachomolewa, fedha zinakwenda kwenye mfuko wa chama. Wamennonite kadhaa miongoni mwetu wanaona bahati nasibu ni kamari, na kwenye mauzo yao ya misaada kwilti hupigwa mnada waziwazi, anayetaka kutoa zaidi atoe. Jambo hilo lilijadiliwa zamani na halikuisha, kwa hiyo likagawanywa. Wasiotaka hawauzi tikiti wala hawanunui. Miraba wanashona, na bitana wanatandaza, kwa robo inchi ile ile. Uchaguzi wa rais wa mwaka 2016 ulitupita namna hiyo pia. Wengine wanaishi mjini, ambako wengi huwapigia Democrats, wengine mashambani, ambako hupigiwa Republicans, na wapo waliorudi nyumbani na machozi. Lakini Jumatatu ya pili ya Novemba mezani palikuwa na mifuko ya vitambaa ya kugawana, nayo ilitaka mikono.

Mwaka 2020 ulikuja na corona, na ukumbi ukafungwa. Barakoa zilipoadimika, hospitali zilianza kupokea za vitambaa, na washona kwilti walikuwa na kila kinachohitajika makabatini: pamba tupu iliyofumwa kwa kubana, cherehani, na mazoea ya kushona kazi moja kutoka nyumba nyingi. Mpira wa kufungia uliisha madukani, tukakata kamba za kitambaa. Nilipeleka mafungu ya barakoa kwenye kibaraza cha mwanachama mmoja, nikakuta mengine yamewekwa na watu ambao sikuwaona uso kwa uso kwa muda mrefu. Hakuna aliyekagua. Aliyepima hospitali alikuta zote zinalingana.

Mwanachama mwingine, mtu wa maneno machache, alitueleza siku moja kuhusu kaka yake aliyekufa kwa UKIMWI miaka ya 1980, wakati jamaa wengi walikuwa wakificha hata sababu ya kifo kwenye tangazo la mazishi. Familia ilishona kipande kwa ajili ya ile kwilti kubwa ya kumbukumbu ya UKIMWI iliyoasisiwa na Cleve Jones wa San Francisco. Tarehe 11 Oktoba 1987 ilitandazwa kwa mara ya kwanza uwanjani Washington ikiwa na vipande 1,920. Sasa vinakaribia 50,000. Kila kipande kina futi 3 kwa futi 6, kiasi cha kaburi, na vipande 8 hushonwa pamoja kuwa mraba wa futi 12. Ndani ya kipimo hicho watu wameshonea suruali za jinzi, wanasesere, viatu, barua, mavazi ya kung'aa ya wacheza dansi. Wengine walisali humo, wengine walitukana serikali.

Nilimsikiliza huku nikiwaza nyumbani. Wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa letu, na katika miaka ya ujana wangu hatukutaja jina la ugonjwa. Tulisema fulani "ameumia" au "ana ule ugonjwa". Tulizika bila kushona chochote. Nilichotambua siku hiyo ni kwamba walioweka vipimo vya futi 3 kwa 6 hawakuiwekea huzuni kipimo. Kitambaa ndicho walichokipima, na kwa sababu hiyo mama wa mjini Chicago na rafiki wa baharia wa San Diego, ambao huenda wasingekaa meza moja, wamelala bega kwa bega kwenye blanketi moja.

Mshonaji akifa, chama kina kazi maalumu. Familia huleta masanduku: vitambaa vilivyonunuliwa kwa matumaini ya miaka mia, na kazi nyingi ambazo hazikuisha, kila moja kwenye mfuko wake. Yule bibi muuguzi alipotuacha, masanduku yake yalijaza meza mbili. Ndani ya mfuko mmoja palikuwa na miraba ya Kibanda cha Magogo, iliyokamilika na isiyokamilika, na vipande vilivyokatwa tayari vimefungwa kwa pini. Kibanda cha Magogo hujengwa kuzunguka kipande kimoja cha katikati, utepe baada ya utepe, kwa hiyo mraba uliokatizwa unaonyesha wazi mkono uliachia wapi. Tuligawana. Niliuchukua mmoja uliokuwa na tepe tatu, nikaanza wa nne, na mshono wangu ukakaa juu ya njia ya wake pasipo kuhitaji kufumua kitu. Mashine ya mtu mwingine, jicho la mtu mwingine, nchi nyingine ya kuzaliwa, na kingo zikakutana. Kwilti ile ilikwenda kwa mjukuu wake, na kwenye kipande cha nyuma tuliandika jina la bibi kwanza, kisha majina ya wengine waliomalizia.

Kwa muda sasa nimepewa kiti kwenye meza ya kupimia, ambako miraba inarudishwa. Nina rula ya plastiki ya mraba na kalamu. Na hapa niseme jambo ambalo wanaopenda sheria hulisahau: mraba mdogo hatuutupi. Ukija umepungua, tunauzungushia utepe mwembamba wa kitambaa pande zote nne, kisha tunaukata ufike inchi 12 na nusu. Wakati mwingine utepe huo ndio unaoupendezesha. Aliyeuleta hatajwi. Mwezi unaofuata, yeyote anayetaka anaonyeshwa pembeni namna ya kubandika mkanda wa karatasi kwenye cherehani, mahali hasa pa robo inchi, ili kitambaa kiwe na ukuta wa kuegemea. Sheria isiyokuwa na utepe huwa fimbo, na chama kinachotoa utepe tu bila kupima huishia na blanketi lisilolala kitandani.

Akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa vya nyumbani, wanalijua jambo hili kuliko wengi wetu wenye shahada. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu, na fedha zinahesabiwa mbele ya kila jicho. Hawaulizani wanapiga kura wapi. Mtu akichelewa analipa faini, aliye na shida anasaidiwa kutoka mfuko wa jamii, na kikundi kinaendelea. Kufuli tatu ni robo inchi yao.

Nimekuwa pia kwenye jumuiya ya Watanzania wa huku, ambayo sitaitaja, iliyovunjika nikitazama. Tulikuwa na kaulimbiu nzuri, fulana nzuri na sherehe ya Uhuru yenye pilau ya kutosha mtaa mzima. Tuligombana kuhusu nani anatoka kabila gani, nani wa chama gani, nani anajifanya ameishi huku zaidi. Kwa miaka tulijaribu kusuluhisha mambo hayo, tukaita wazee, tukaita wachungaji na masheikh. Ilichukua muda kuona kwamba chini ya ugomvi wote huo palikuwa na jambo dogo la kuaibisha: hakuna aliyewahi kusoma hesabu kwa sauti. Mchango wa msiba ulikusanywa na mtu mmoja kwenye simu yake, na kila aliyetoa alikuwa na makisio yake kichwani kuhusu kilichofika kwa mfiwa. Kila msiba ulizidisha milimita moja na nusu.

Tulipoanza upya, tukiwa wachache, niliomba tusiandike kwanza malengo. Niliomba vipimo vitatu. Mkutano unaanza saa iliyotangazwa, kwa waliopo. Anayetoa wazo anatoka na kazi. Na hesabu inasomwa yote, hadi senti, kabla ya neno lingine lolote, asomaye akiwa si yule anayetunza fedha. Mengine yote, imani, siasa, lugha ya kuombea chakula, kila mtu akate anavyotaka.

Baadhi walisema hayo ni mambo ya Kizungu, nikawakumbusha kufuli za VICOBA. Wengine hawakurudi, na mmoja aliyeondoka bado ananinunia msibani. Tuliobaki hatupendani zaidi ya tulivyopendana zamani. Bado tunabishana hadi usiku, kwa sauti ambazo jirani Mmarekani amewahi kuja kuuliza kama kuna tatizo. Lakini ugomvi wetu siku hizi huanza baada ya hesabu kusomwa, na mwezi unaofuata watu wale wale wanarudi kugombana tena.